Mkono Unapobadilika: Jina, Usemi na Sura ya Mhusika wa Katuni za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mhusika mmoja wa katuni anavyoendelea kutambulika ingawa anachorwa na wachoraji tofauti kwa miaka mingi. Mifano mikuu imetokana na wahusika wa jarida la Sani la Tanzania, hususani Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Madenge. Mifano ya kulinganishia ni Abunuwasi wa mchoraji Gado, Sungura wa ngano na mhusika wa mtaani aitwaye Mangi. Hoja kuu ni kwamba wachoraji hukubaliana pale lugha iliposema na hutofautiana pale lugha iliponyamaza. Jina la mhusika hubeba masharti ambayo kila mchoraji huyatii. Sura yake hudai maamuzi ambayo sarufi ya Kiswahili haikuyafanya. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba uhakiki wa katuni utaje mkono uliochora, na utenganishe kilichorithiwa na kilichoamuliwa.

1.0 Utangulizi

Abiria anayesafiri kwa gari kati ya Moshi na Arusha humwambia kondakta amshushe Kwa Sadala, naye hushushwa mahali sahihi. Kisarufi, jina hilo la mahali, wilayani Hai, limeundwa na kihusishi "kwa" na jina la mtu, kama yalivyoundwa majina mengi ya vituo na mitaa nchini. Muundo huo unadokeza kwamba mahali pale ni pa mtu fulani. Hata hivyo, abiria hahitaji kumfahamu Sadala ndipo alitumie jina hilo. Tukiwapa abiria kumi karatasi na kalamu, tukawaomba wamchore Sadala, tutapata akina Sadala kumi: mmoja mzee mwenye mkongojo, mwingine mfanyabiashara mnene, mwingine kijana mwenye kofia. Wote watakuwa wamelitumia jina lilelile bila kukosea, na hakuna atakayeweza kumsahihisha mwenzake kuhusu pua.

Mfano huo mdogo unabeba tatizo zima la makala haya. Jina hudumu, sura haimo ndani yake. Mhusika wa katuni anapodumu kuliko mchoraji wake wa kwanza, mrithi hukabidhiwa jina, tabia na namna ya kusema, pamoja na michoro ya mtangulizi ambayo anaweza kuifuata au kuiacha. Ni kipi basi kinachomfanya msomaji akubali kwamba aliye mbele yake ni yuleyule? Na ni kipi kinachomwambia kwamba mkono umebadilika?

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kumjadili mhusika kama zao la maneno. Tuna istilahi za kutosha: mhusika bapa, mhusika duara, majazi, lakabu. Tumekuwa wepesi zaidi kumwacha mhusika aliyechorwa mikononi mwa wanahabari na wanasanaa ya uchoraji. Uamuzi huo unatunyima ushahidi muhimu wa kiisimu, kwa sababu katuni hutulazimisha kuona, kisanduku kwa kisanduku, mambo ambayo lugha yetu huyasema na yale inayoyapita kimya.

2.0 Mhusika Anavyorithiwa

Duniani kuna desturi mbili za urithi wa wahusika wa katuni. Ya kwanza ni ya kumzika mhusika pamoja na mchoraji wake. Hergé wa Ubelgiji alimwanzisha Tintin mwaka 1929, akakataa mhusika huyo aendelezwe na mwingine. Tangu alipofariki mwaka 1983 hakuna kisa kipya rasmi cha Tintin. Ya pili ni ya kumwacha mhusika katika nyumba ya uchapishaji. Spirou, naye wa Ubelgiji, alianzishwa na Rob-Vel mwaka 1938. Haki zake zikanunuliwa na wachapishaji wa Dupuis mwaka 1943, na baadaye akachorwa na Jijé, Franquin, Fournier na wengine. Msomaji wa Spirou amezoea kusema anapenda Spirou wa fulani, jambo ambalo msomaji wa Tintin hana haja nalo.

Katuni za Kiswahili zina mifano ya desturi zote mbili. Chakubanga wa Christian Gregory, aliyeanza kuonekana katika gazeti la Uhuru mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, alishikamana na mchoraji wake. Vivyo hivyo Juha Kalulu wa Edward Gitau, ambaye wasomaji wa Taifa Leo nchini Kenya walimfuatilia kwa miongo mingi, na Kingo wa James Gayo. Kwa wahusika hawa, swali la tafsiri tofauti za wachoraji halijitokezi kwa nguvu, kwa kuwa mkono ni mmoja.

Hali ni tofauti kwa jarida la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, ambao silabi za kwanza za majina yao ndizo zilizounda jina la jarida. Mchoraji aliyelipa jarida hilo sura yake katika miaka ya 1980 alikuwa Philip Ndunguru. Mikononi mwake walikua wahusika waliokuja kujulikana hata na watu wasiolinunua jarida: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Madenge, Kipepe. Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika hawakufa naye. Waliendelezwa na wachoraji waliofuata, wakiwamo John Kaduma na Chris Katembo, na kizazi kilichozaliwa baada ya kifo cha mwasisi kikawasoma kama wahusika wa siku zake.

Inafaa kulinganisha urithi huu na ule wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Kwa Tingatinga, kilichorithiwa na wanafunzi wake ni mtindo: rangi, nukta, namna ya kuijaza mandharinyuma. Kwa Sani, kilichorithiwa ni watu. Mrithi wa mtindo huweza kuchora chui au ndege apendavyo mradi mkono ufuate mazoea. Mrithi wa mhusika yuko huru zaidi katika mkono, lakini amefungwa na mtu. Kamba inayomfunga ndiyo tunayoichunguza sasa.

3.0 Pale Lugha Iliposema: Jina Kama Agizo

Majina ya wahusika wa Sani ni majazi, yaani majina yanayosawiri tabia. Hata hivyo, majazi katika riwaya na majazi katika katuni ya mfululizo hayafanyi kazi sawa. Katika riwaya, jina husifu tabia ambayo mwandishi mwenyewe ataieleza. Katika katuni inayorithiwa, jina ni agizo kwa mtu ambaye hakuwapo lilipotungwa.

Tuanze na Ndumilakuwili. Katika lugha ya kawaida neno hili hutaja nyoka anayesadikiwa kuwa na vichwa pande zote mbili na, kwa sitiari, mtu mnafiki anayejipendekeza kwa pande mbili zinazopingana. Kimofolojia neno lina historia ndefu. Mzizi wake ni ule wa kitenzi "uma", ambacho katika lugha nyingine za Kibantu bado kina konsonanti mwanzoni: Kizulu kina -luma, Kikikuyu kina -rũma. Kiswahili kimeidondosha konsonanti hiyo katika kitenzi, lakini ndani ya "ndumilakuwili" imehifadhiwa baada ya nazali kama /d/. Kiambishi cha kutendea nacho kimebaki katika umbo lake kongwe, -il-, ilhali kitenzi cha leo ni "umia", bila /l/. Mwishoni kuna "kuwili", yenye upatanisho wa mahali wa ku-: pande mbili.

Uchambuzi huu una faida kwa mhakiki wa katuni. Jina lina kitenzi, kauli ya kutendea na mahali pawili. Kwa maneno mengine, lina mpango wa kisa. Mchoraji yeyote anayelipokea anajua kwamba mhusika wake sharti awe na pande mbili za kuziuma, na kwamba pande hizo sharti siku moja zikutane. Anaweza kuzifanya pande hizo kuwa wapenzi wawili, wadai wawili au waajiri wawili. Anaweza kumnenepesha au kumkondesha. Hawezi kumpa upande mmoja tu, kwani atakuwa amechora mtu mwingine chini ya jina hilo.

Lodi Lofa ni jazi la aina nyingine. Maneno yote mawili yameingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza: la kwanza lilikuwa cheo cha mtukufu, la pili limekaa kabisa katika Kiswahili kwa maana ya mtu asiye na kazi wala fedha. Kuwekwa kwao pamoja ni tanakuzi. Agizo lake kwa mchoraji halihusu kisa kama ilivyo kwa Ndumilakuwili, linahusu pengo. Kila kisanduku chenye mhusika huyu sharti kionyeshe umbali kati ya anavyojidai na alivyo. Mavazi yanaweza kufuata mtindo wa mwaka wowote, kwa kuwa umaridadi wa suruali hubadilika kila muongo. Pengo lenyewe halibadiliki.

Pimbi na Madenge wanakaribia zaidi jicho. Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe na misitu; wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wanamfahamu ndugu yake wa mitini kwa mlio wake wa usiku, mkubwa kupita kiasi kwa mwili alio nao. Kwa mtu, neno hili hutumika kumkejeli mfupi. Jina hili linamwambia mchoraji jambo la kipimo: mhusika huyu awe mdogo kuliko wote walio karibu naye. Madenge linatokana na "denge", mtindo wa kunyoa nywele pembeni na kuacha kishungi. Hapa jina limekwenda moja kwa moja hadi kichwani na kuacha humo mstari ambao kila mrithi anaweza kuushika.

Kwa hiyo majina manne haya yanatoa maagizo ya aina tatu: la kisa (Ndumilakuwili), la uhusiano (Lodi Lofa) na la umbo (Pimbi, Madenge). Kadiri agizo linavyolikaribia umbo, ndivyo wachoraji wanavyotarajiwa kukubaliana kuhusu sura. Kadiri linavyolikaribia tendo, ndivyo sura inavyoachwa huru.

4.0 Pale Lugha Iliponyamaza: Maamuzi ya Mstari

Kimya cha lugha huonekana vizuri zaidi kwa wahusika waliozaliwa katika masimulizi kabla hawajachorwa. Sungura wa ngano ni mfano wa wazi. Msimulizi husema "Sungura akamwambia Fisi", na upatanisho wa a-/wa- hautaji jinsia ya yeyote kati yao. Ngano nzima inaweza kumalizika bila hadhira kujua, wala kuhitaji kujua, kama Sungura ni wa kiume au wa kike. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuamua katika kiwakilishi cha kwanza. Mchoraji wa Kiswahili hulazimika kuamua katika vazi la kwanza: akimvisha Sungura kaptura ametamka jambo moja, akimfunga kanga ametamka jingine, na akimwacha bila nguo ametamka la tatu. Mstari hauna ngeli ya kujificha.

Abunuwasi anatupa mfano mgumu zaidi. Jina lake ni la Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Katika hadithi za Waswahili amekuwa mjanja anayewashinda wakubwa na majirani kwa kuyachukua maneno yao kama yalivyo. Mwaka 1996 Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejijengea jina Nairobi kama mchoraji wa katuni za kisiasa, alichapisha Abunuwasi kama kitabu cha katuni kupitia Sasa Sema. Kufanya hivyo kulimtaka ajibu maswali ambayo wasimulizi wa karne nyingi hawakuwahi kuulizwa. Soko linalotajwa katika hadithi ni la Baghdad, la Lamu au la Kariakoo? Mfalme amevaa nini? Abunuwasi ana umri gani?

Tutazame kisa cha sufuria, kinachojulikana sana. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na ndogo, na kueleza kwamba ile kubwa imezaa. Jirani anafurahi na kupokea. Siku nyingine anaiazima tena, na anapodaiwa anatangaza kwamba imefariki. Kiisimu, utamu wa kisa uko katika upatanisho: kiambishi i- kinaendelea kuitendea sufuria kama kitu, huku vitenzi "zaa" na "fariki" vikiitendea kama kiumbe. Tungo ni sahihi kisarufi, na usahihi huo ndio mtego. Jambo ambalo tungo haisemi ni uso wa msemaji. "Sufuria imefariki" haina mofimu ya unafiki.

Msimulizi wa mdomo anaweza kuisema kwa sauti ya msiba na kuiacha hadhira ijiamulie. Mchoraji hana njia hiyo ya kukwepa. Akimchora Abunuwasi akimtazama msomaji kwa pembe ya jicho, msomaji amefanywa mshirika wa hila, na jirani ndiye mjinga peke yake. Akimchora uso mkavu wenye huzuni kamili, msomaji amewekwa pale alipo jirani na analazimika kuufumbua mtego mwenyewe. Michoro yote miwili ni mitiifu kwa maneno. Ni tafsiri mbili za mhusika mmoja, na tofauti yake imezaliwa hasa mahali ambapo tungo haikutamka neno. Wasomaji wanapobishana ni Abunuwasi yupi wa kweli, kwa kawaida hawabishani kuhusu alichosema. Wanabishana kuhusu jicho.

5.0 Usemi: Kati ya Jina na Sura

Kati ya jina lisilobadilika na sura inayoamuliwa upya kuna tabaka la tatu, yaani maneno yaliyomo katika viputo. Tabaka hili lina pande mbili. Sajili ya mhusika hurithiwa: Lodi Lofa sharti ajigambe, Ndumilakuwili sharti abembeleze. Msamiati unaotimiza sajili hiyo huchakaa upesi na kuhitaji kufanywa upya.

Majina ya fedha yanatosha kulionyesha hilo. Katika miaka ya 1980 sarafu ya shilingi tano iliitwa "dala" mitaani, na nauli ya kiasi hicho ndiyo iliyoyapa mabasi madogo ya Dar es Salaam jina la daladala. Shilingi tano zikapoteza thamani, neno likabaki katika gari na kutoweka mfukoni. Kizazi kilichofuata kilizungumza kwa "jero" na "buku", yaani shilingi mia tano na elfu moja. Mchoraji anayemrithi mhusika wa kujigamba na kumwachia msamiati wa mtangulizi wake atakuwa ameilinda herufi na kuipoteza tabia, kwa sababu anayejigamba kwa maneno ya zamani amekuwa mzee wa kuchekwa, wala si mtanashati asiye na fedha. Hapa uaminifu kwa mhusika unadai kubadilisha maneno yake. Utafiti wa Reuster-Jahn na Kießling wa mwaka 2006 kuhusu lugha ya mitaani nchini Tanzania umeonyesha jinsi msamiati huo unavyozaliwa na kupokezana. Katuni za mfululizo ni mahali pazuri pa kuufuatilia, maana msemaji ni mmoja na toleo lina tarehe.

6.0 Mangi: Kimya Kinapojazwa Vibaya

Hadi hapa kimya cha lugha kimeonekana kuwa fursa kwa mchoraji. Kuna mahali ambapo ni hatari, na sisi wa Kilimanjaro tuna sababu ya kulitaja. "Mangi" katika Kichaga ni cheo cha mtawala. Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, alikuwa mangi kwa maana hiyo. Katika Kiswahili cha mijini leo, neno hilohilo hutumika kumwita mwenye duka, hasa anayedhaniwa kutoka Kilimanjaro. Safari ya maana kutoka kwenye kiti cha utawala hadi nyuma ya kaunta ni ya kawaida katika isimu ya maana, na mara nyingi mwitaji na mwitwaji hutaniana kwa amani.

Neno "Mangi" halisemi kama mwenye duka ni mchoyo au mkarimu, mnene au mwembamba, mwaminifu wa mizani au mpunjaji. Katuni inayomweka Mangi nyuma ya kaunta haiwezi kunyamaza hivyo. Mchoraji mmoja akimpa vidole vya kukunja noti, wa pili akaiga, wa tatu akaiga, kilichoanza kama uamuzi wa mkono mmoja huonekana kama sehemu ya maana ya neno. Kimya cha lugha kimejazwa, na waliokijaza hawakumbukwi tena. Msomaji mchanga anafika akidhani kwamba vidole vile vilikuwa ndani ya jina tangu awali.

Mfano huu ndio unaoupa uzito mgawanyo wetu. Kutenganisha kilichosemwa na lugha na kilichoamuliwa na mstari si zoezi la kiistilahi tu. Ndiyo njia ya kumwambia msomaji kwamba sura fulani ya kabila, ya mwanamke wa mjini au ya mkulima haikuwamo katika neno, kwamba iliamuliwa na mtu, na kwamba mtu mwingine anaweza kuamua vinginevyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mhusika wa katuni anayerithiwa ana matabaka matatu. Jina hudumu na hutoa maagizo ya kisa, ya uhusiano au ya umbo. Usemi hudumu katika sajili na hubadilika katika msamiati. Sura huamuliwa upya na kila mkono, hasa katika mambo ambayo Kiswahili hakiyatamki: jinsia, umri, mahali, na nia ya msemaji.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza ni la kiutafiti: mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu Ndumilakuwili ataje toleo na mkono uliochora. Kusema "Ndumilakuwili huvaa hivi" bila kutaja mchoraji ni sawa na kusema "ngano husema hivi" bila kumtaja fanani, kosa ambalo katika fasihi simulizi tulishaacha kulivumilia. La pili ni la ufundishaji: wanafunzi wapewe tungo moja fupi ya kisa na waombwe waichore kabla ya kuijadili. Michoro yao itafanana mahali fulani na itatofautiana kwingine. Ipangwe mezani, na darasa lianzie pale ilipotofautiana, kwa kuitafuta katika tungo mofimu ambayo ingezuia tofauti hiyo. Mara nyingi haitaonekana, kama isivyoonekana pua ya Sadala katika jina la mahali pake.